Kutunza Ukali wa Chumvi Katika Bwawa la Wazi: Hesabu ya Nyanda za Kati

Mji wa Dodoma hupata mvua ya milimita zipatazo 570 kwa mwaka, nazo karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Katika mwaka huo huo, jua na upepo huweza kunyonya kutoka katika maji yaliyo wazi kina kinachozidi milimita 2000. Kwa hiyo kila bwawa lililochimbwa katika uwanda huu lina deni ambalo mvua inayoliangukia haiwezi kulilipa. Kama maji ya bwawa ni matamu, deni hilo huonekana kwa macho: maji hupungua, tope hupasuka, na mifugo huhamishwa. Kama maji ni ya chumvi, kuna deni la pili lisiloonekana. Maji huondoka angani, lakini chumvi haiondoki hata chembe moja.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Sehemu nyingi za Dodoma na Singida visima hutoa maji ya chumvi ambayo watu hawayapendi kwa kunywa na ambayo huharibu mazao yakimwagiliwa. Ni busara kuyatumia maji hayo kufugia samaki, kwa kuwa wapo perege wanaovumilia chumvi. Mwaka wa kwanza bwawa huleta matumaini. Baadaye samaki hudumaa, huacha kuzaa, kisha asubuhi moja huonekana wakielea matumbo juu. Watu husema kwamba ni ugonjwa au sumu, au hata hulaumu mbegu ya samaki. Aghalabu sababu ni hesabu ya chumvi ambayo hakuna aliyeifanya.

Chumvi yatoka wapi

Miamba ya nyanda za kati, ambayo sehemu kubwa ni matale, huoza polepole kwa maji na joto na kuachia chumvi za namna mbalimbali. Penye mito iendayo baharini chumvi hizo huchukuliwa na maji. Lakini sehemu kubwa ya eneo hili imo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini. Mto Bubu hushuka kutoka milima ya Kondoa na kuishia katika bwawa la Bahi, liitwalo pia Sulunga. Maziwa ya Singidani na Kindai, pale Singida mjini, nayo hayana mto wa kuyatoa maji yake hadi bahari. Kinacholetwa na mvua hubakia, na jua likiisha kuchukua maji, chumvi husalia juu ya ardhi kama unga mweupe. Wenyeji wa Bahi waliijua kanuni hii zamani: walikwangua udongo wa chumvi wakati wa kiangazi, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chunguni.

Hata penye njia ya kwenda baharini mambo hayawi mepesi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 karibu na Dodoma, limezuia maji ya mto Kinyasungwe, ambao ni wa jamii ya mto Wami uingiao Bahari ya Hindi. Juu ya hivyo, maji ya Hombolo yanajulikana kwa chumvi yake, na chumvi hiyo huzidi kiangazi na kupungua mvua zinaponyesha. Kuwa na mlango wa kutokea hakutoshi, ikiwa maji yapitayo mlangoni ni machache kuliko yale yanayopanda angani.

Samaki na chumvi

Neno «ukali wa chumvi» katika makala hii lina maana ya gramu za chumvi zilizoyeyuka katika lita moja ya maji. Bahari ina gramu zipatazo 35. Damu ya samaki wengi wenye mifupa, wawe wa baharini au wa maji matamu, ina ukali usiofika nusu ya ule wa bahari. Hapo ndipo kazi ya samaki inapoanza. Akiwa katika maji matamu, maji humwingia mwilini kupitia matamvua, naye hapana budi ayatoe kwa mkojo mwingi huku akiishika chumvi yake isipotee. Akiwa katika maji makali kuliko damu yake, mambo hugeuka: maji humtoka, naye hulazimika kunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa njia ya matamvua. Chembe za matamvua zinazofanya kazi ya kwanza si sawa na zile zinazofanya kazi ya pili. Mwili wa samaki huzibadili, lakini huhitaji siku kadhaa. Samaki aliyekwisha kuzoea gramu 10 akiangushiwa ghafla katika maji matamu huweza kufa, ijapokuwa maji hayo ni mema kabisa kwa ndugu yake aliyezaliwa humo.

Kwa sababu hiyo mfugaji ana maadui wawili, nao ni kiasi kikubwa mno na mabadiliko ya haraka. Sato wa kawaida akizoeshwa polepole huweza kuishi hata katika gramu 15, ila ukuaji na uzazi wake huharibika kabla ya kufika hapo. Wapo walio hodari zaidi. Perege aitwaye kwa jina la kisayansi Oreochromis amphimelas hapatikani penginepo duniani isipokuwa katika maziwa ya chumvi ya Tanzania, kama vile Manyara, Eyasi, Kitangiri, yale ya Singida na Sulunga. Huyu amezaliwa na taabu hii. Hata hivyo naye ana kikomo chake, na katika miaka ya ukame Sulunga hukauka na wavuvi wake hutundika nyavu.

Jambo moja zaidi husahauliwa. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Kwenye usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 25, lita ya maji matamu huweza kushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni, na lita ya maji ya bahari chini ya miligramu 7. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1100, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo hata maji matamu hapo hayashiki zaidi ya miligramu 7.2 hivi. Samaki wa bwawa la chumvi katika uwanda wa juu hupunguziwa pumzi mara mbili.

Hesabu ya bwawa moja

Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita 1.2, kuta zake zikiwa zimesimama wima ili hesabu iwe rahisi. Linachukua mita za ujazo 240 za maji. Kisima kinachotumika kulijaza kina ukali wa gramu 5. Basi siku ya kwanza bwawa lina kilo 1200 za chumvi.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, bwawa hilo hupoteza milimita zipatazo 6 kwa siku. Katika eneo la mita za mraba 200 hizo ni lita 1200 kila siku. Kwa siku 210 zitakuwa mita za ujazo 252, yaani zaidi ya bwawa zima. Mwenye bwawa, kwa bidii yake, huongeza maji kutoka kisima kile kile kila jioni ili alama ya maji isishuke. Bwawa huonekana limejaa na zuri. Lakini kila jioni ameongeza kilo 6 za chumvi, na kufikia mwisho wa Novemba ameongeza kilo 1260. Ukali umepanda kutoka gramu 5 hadi gramu 10 na zaidi, wala hakuna aliyeona badiliko lolote kwa macho.

Wengi hutumaini kwamba mvua itarekebisha mambo. Mvua ya milimita 570 ikianguka juu ya bwawa hili huleta mita za ujazo 114 za maji matamu. Ila hata katika miezi ile mitano jua halilali. Mvukizo wa milimita 5 kwa siku huchukua mita za ujazo 150. Pengo la mita 36 hujazwa tena kutoka kisimani, na kilo 180 za chumvi huingia. Jumla ya mwaka ni kilo 1440. Mwaka wa kwanza huishia kwenye gramu 11, wa pili kwenye 17, wa tatu kwenye 23. Bidii ile ile iliyolihifadhi bwawa lisikauke ndiyo iliyowaua samaki.

Dawa ya kwanza imo ndani ya hesabu yenyewe: maji yaliyopaa yalikuwa matamu, kwa hiyo yarudishwe maji matamu. Lakini katika nyanda hizi maji matamu ni ya watu kwanza, wala hakuna kijiji kitakachokubali kupanga foleni ya ndoo huku bomba likimwagwa katika bwawa la samaki. Maji ya mapaa yasiyohitajika kwa kunywa ndiyo yafaayo. Paa la mabati la mita za mraba 400, kama la shule au ghala, likikingwa vizuri na sehemu moja ya tano ya maji ikaruhusiwa kupotea, hutoa mita za ujazo 180 hivi kwa mwaka. Matangi ya kuyaweka maji hayo ni ghali. Afadhali tangi liwe bwawa lenyewe: lichimbwe kwenda chini zaidi, maji yaachwe yapande wakati wa mvua na yashuke kiangazi, badala ya kulazimisha alama isimame mahali pamoja mwaka mzima. Maji ya kisima yanayohitajika kwa mwaka hupungua hapo yakawa kama mita za ujazo 108, na chumvi inayoingia hushuka kutoka kilo 1440 hadi kilo 540 hivi.

Kina kina faida nyingine. Mvukizo hutokana na uso wa maji, hautokani na wingi wake. Mita zile zile 240 zikiwekwa katika bwawa la kina cha mita 2 huhitaji uso wa mita za mraba 120 tu, na hasara ya siku hushuka kutoka lita 1200 hadi lita 720. Upepo wa kiangazi wa Dodoma, ule unaoinua vumbi jekundu tangu asubuhi, hupunguzwa nguvu na safu ya miti upande unakotoka. Miti hiyo isiwe karibu mno na tuta, maana mizizi yake hutoboa.

Faida ya kuvuja

Dawa ya pili huwashangaza watu: bwawa la chumvi lazima limwagwe kidogo kidogo. Kama chumvi huingia na haina njia ya kutoka, itapanda bila kikomo. Kama ina njia ya kutoka, itapanda mpaka kile kinachotoka kilingane na kinachoingia, kisha itasimama. Tuseme kimepatikana kisima kizuri zaidi chenye gramu 2, na mfugaji ataka bwawa lake likae kwenye gramu 5. Kila siku aongeze mita za ujazo 2 za maji, na atoe lita 800 za maji ya bwawa. Kilo 4 za chumvi zimeingia, kilo 4 zimetoka, na lita 1200 zimekwenda angani. Ukali hausogei. Lakini mwenye kisima cha gramu 5 hawezi kamwe kukaa kwenye gramu 5 kwa njia hii. Hata akiridhika na gramu 6, itampasa kutoa mita za ujazo 6 kila siku na kuingiza 7.2, mafuta ya pampu yatammaliza kabla ya chumvi.

Bwawa linalovuja chini linafanya kazi hii bila kuombwa. Ziwa Naivasha, nchini Kenya, halina mto unaotoka, lakini maji yake ni matamu kwa sababu sehemu yake hupenya ardhini na kuondoka na chumvi. Ziwa Nakuru, lililo katika Bonde la Ufa lile lile na lisilo mbali sana, ni la magadi. Aliyetandika plastiki chini ya bwawa lake ameokoa maji, na papo hapo ameufunga mlango wa chumvi. Basi hana budi kufungua mwingine kwa bomba. Wafugaji wa pwani hawaisikii taabu hii sana, kwa kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kuwaoshea mabwawa yao bure.

Maji yanayotolewa yasielekezwe kwenye mizabibu wala mashamba, wala karibu na kisima cha kunywa. Yafaa yapelekwe katika birika pana lisilo na kina, lililosakafiwa, yakauke hapo. Chumvi itakayobaki isiliwe na watu wala mifugo kabla ya kupimwa maabara, kwa kuwa maji ya sehemu nyingi za nyanda za kati, hasa Singida, yana floridi nyingi, na mvukizo huikusanya pamoja na chumvi nyingine.

Maji mepesi juu, mazito chini

Mvua kubwa ya milimita 50 ikichanganyika sawasawa katika bwawa letu hushusha ukali kutoka gramu 5 hadi 4.8 tu. Badiliko hilo si kitu. Hatari ni kwamba haichanganyiki. Maji matamu ni mepesi, hivyo hukaa juu kama mafuta, na maji ya chumvi hubaki chini bila kukutana na hewa. Mwanga wa jua hupenya tabaka la juu na kulipasha joto lile la chini, ambalo kwa uzito wake haliwezi kupanda likapoe. Katika ziwa Medve, lililoko Romania ya leo, mtaalamu Kalecsinsky alieleza mwaka 1902 kwamba maji ya chumvi yaliyofunikwa na maji matamu yalifika nyuzi zipatazo 70 katika kina cha mita moja na ziada. Bwawa la samaki halifiki huko, lakini oksijeni ya chini huisha, na samaki hujikuta wakibanwa katika ukanda mwembamba wa maji matamu ambayo miili yao haijayazoea. Baada ya mvua kubwa maji yakorogwe, kwa pampu au hata kwa watu kupita na matawi. Bwawa lizungushiwe tuta, ili mafuriko ya mbugani yasiingie na tope lake.

Elimu hii ya matabaka hutumika pia katika kumwaga. Anayetaka kupunguza chumvi afungue bomba la chini, mahali maji mazito yalipolala. Bwawa lenye njia ya juu tu humwaga maji matamu ya mvua na kubakiza chumvi. Ndivyo yalivyojengwa mabwawa mengi.

Kupima

Kipimo cha kwanza ni mti wenye alama za sentimita uliosimikwa bwawani. Kama hakuna kilichoongezwa wala kutolewa, maji yakishuka kutoka sentimita 120 hadi 100, ukali umepanda kutoka 5 hadi 6. Penye kingo zilizoinama hupanda zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya juu ya bwawa ndiyo pana. Daftari la mti huu, pamoja na idadi ya saa za pampu, ni nusu ya kazi yote.

Yai bichi, linalotumiwa na wengi kujaribia maji ya chumvi, halifai hapa. Yai jipya halielei mpaka ukali upite gramu 100, na wakati huo hakuna samaki wa kuokolewa. Haidromita ya kioo hufaa, lakini yataka uangalifu. Maji yakipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 30 hupungua uzito kwa kadiri inayolingana na kuondolewa gramu 3 hivi za chumvi katika kila lita. Aliyepima alfajiri leo na adhuhuri kesho atadhani bwawa lake limeponywa usiku. Apime saa ile ile, na joto aliandike. Kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme ni chepesi na sahihi zaidi, ila vingi hutengenezwa kwa kufuata chumvi ya kawaida, hali maji ya nyanda za kati yana pia magadi na salfeti. Hapo ni vema kukilinganisha mara moja na njia ya zamani: chemsha lita mbili mpaka zikauke, kisha pima uzito wa kilichobaki kwa mizani ya zahanati au maabara ya shule.

Ukoko mweupe unaojitokeza juu ya mawe ya ukingoni ni chokaa, ambayo hujitenga na maji kabla ya chumvi nyingine. Kwa hiyo, maji yanavyozidi kukolea, hata aina za chumvi zilizomo hubadilika, na kurudisha ukali kwa kumimina mfuko wa chumvi ya dukani si kurudisha maji yaliyokuwapo.

Kisima nacho kipimwe angalau mara mbili kwa mwaka. Kumbukumbu za kina cha maji katika bonde la Makutupora, ambalo visima vyake huhudumia mji wa Dodoma, zimewekwa tangu 1955, nazo zinaonyesha kwamba maji ya ardhini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Huongezeka hasa katika miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya 1997/98. Maji ambayo akiba yake hupanda na kushuka namna hiyo hayawezi kudhaniwa kuwa na ukali ule ule daima.

Wakati mwema wa kumwaga ni Novemba, kabla ya mvua. Wakati huo kila mita ya ujazo hubeba chumvi nyingi kuliko wakati wowote: ikiwa ukali umefika gramu 10, mita 60 zikitolewa chini huondoka na kilo 600, ambapo mwezi wa Mei zingeondoka na kilo 300. Zitolewe kwa muda wa wiki mbili au tatu, si kwa siku moja, na samaki wakubwa wavuliwe kwanza ili waliobaki wasisongamane. Nafasi iliyoachwa ingoje maji ya paa. Mvua za kwanza za Desemba, ambazo huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati, zipitishwe kando. Mfereji uelekezwe bwawani kuanzia mvua ya pili au ya tatu.